Kipande Kilichobaki Kampala

Mume wangu alizikwa Bunia, lakini kipande chake kilibaki Kampala. Nikiwa nachota maji, nikiwa napepeta mchele, wazo hilo lilinirudia bila kuitwa. Kiko Kampala, ndani ya nta, katika droo ya chuma, na hakuna mtu kule anayejua kwamba alipenda chai yenye tangawizi nyingi.

Kilikuwa kidogo. Daktari alinionyesha ukubwa wake kwa kugusa ukucha wa kidole chake cha mwisho. Lakini mama mkwe wangu aliponiuliza, sikuweza kumjibu kwamba ni kidogo tu.

"Ni yake ao haiko yake?" aliuliza.

"Ni yake, Mama."

"Basi hatutatosha kilio kama haiyarudi."

Kutosha kilio, yaani kukiondoa, kwetu ni siku ile ndugu wa marehemu wanapokutana, wanakula pamoja, na mjane anavuliwa nguo nyeusi. Mwenye kuivua ni mama wa marehemu ikiwa bado yu hai. Mama mkwe wangu alikuwa hai, alikuwa akiishi nyumbani kwangu hapa Bunia, mtaa wa Bigo, tangu alipokimbia kijiji chao cha Aveba, na alikataa. Hakukataa kwa hasira. Alikataa kama mtu anayekataa kuvuka mto kwa sababu umewahi kumchukulia mtoto. Wakati wa vita alimzika mzaliwa wake wa kwanza bila mwili. Alipata shati na kiatu kimoja, akavizika, na tangu hapo, kila alipoona mbwa akifukua ardhi mahali popote, alisimama kutazama anachotoa.

"Ule nilimuzika nusu," aliniambia. "Huyu, hapana."

Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Alibeba mbao kutoka Mambasa, na wakati mwingine maharagwe hadi mpaka wa Uganda. Madereva wa njia ya Mambasa wana desturi moja: hawasimami porini kukojoa. Kuna sehemu za barabara ile ambazo gari likizimwa injini, hata ndege wananyamaza, na mtu anayeshuka peke yake anaweza asipande tena. Kwa hiyo wanabana. Wanabana mpaka mahali penye maduka na watu, wanashuka wakitembea kwa magoti yaliyoshikana, na wauza ndizi wanawacheka.

Alipoanza kukojoa damu alifikiri ni kubana. Hakuniambia. Kila alipotoka chooni alimwaga maji mengi, na mimi nilimsifu kwa usafi. Niliwaambia hata majirani, tazameni mwanaume wangu, hamwachii mke kazi. Siku moja ndoo ilikuwa tupu, akatoka bila kumwaga, na nilipoingia nikaona.

"Ni kibofu imechoka," alisema, akikifananisha na tairi la lori lake. "Sawa mupira ya kamyo. Nitaipumuzisha."

Choo chetu ni cha matofali, nyuma ya jiko, na mlango wake ni wa bati. Mtu akiwa ndani, aliye jikoni anasikia kila kitu. Kuanzia siku hiyo nilianza kusikiliza. Nilimsikia akisimama muda mrefu bila sauti yoyote. Kisha mkojo ulianza, ukakatika, ukaanza tena. Nilikuwa nikiacha kukoroga ugali ili nisikie vizuri. Ugali wetu wa siku zile ulikuwa na mabonge.

Hospitalini walipitisha kamera nyembamba hadi ndani ya kibofu, wakaona uvimbe, wakakata kipande. Daktari alikuwa kijana, alikuja kutoka jimbo lingine, na alikuwa akizungumza polepole kama mtu anayepita juu ya mti uliolala mtoni. Alitamka neno lenyewe bila kulizungusha: kansere. Imeingia katika ukuta wa kibofu, alisema, na imeanza kutembea. Kisha akasema kwamba Kampala kuna dawa ya aina mpya, lakini kabla ya kumtuma mtu huko, ni lazima kwanza kutafuta alama katika kile kipande.

"Alama gani?" niliuliza.

Daktari alimgeukia mume wangu. "Papa, unajua bariyeri?"

Mume wangu alicheka. Alikuwa na sonda, ule mpira wa kutolea mkojo, na kucheka kulimuuma, lakini alicheka. Bariyeri ndivyo tunavyoita vizuizi vya barabarani, na maisha yake yote ya kazi aliyapitia hapo. "Docta," alisema, "bariyeri njo zilinizeesha. Mama huyu unamuona hapa, alinikuta niko kijana muzuri."

"Uliniambia uko kijana," nikasema.

Daktari alitabasamu kidogo, akaendelea. Ndani ya mwili, alisema, kuna maaskari. Wanatembea katika damu usiku na mchana wakitafuta adui. Lakini kila askari ana freni, yaani breki, ili asiwapige watu wa nyumbani. Chembe ya mwili ikikutana naye, inamwonyesha karte, yaani kitambulisho. Ile karte inakanyaga freni, na askari anasema, wewe ni wetu, pita. Sasa kansere nyingine zimejifunza kutengeneza karte hizo kwa wingi. Askari anafika mbele ya adui kabisa, anaonyeshwa karte, anainua mti wa bariyeri.

"Karte ya bandia?" mume wangu aliuliza.

"Hapana, papa. Ni karte ya kweli. Ni ya mwili yako mwenyewe. Njo maana askari anadanganyika."

Mume wangu hakucheka tena.

Dawa ile mpya, daktari alisema, inaziba njia ya karte. Freni haikanyagwi, askari anaamka, anaanza kazi yake. Kwa hiyo watu wa maabara ya Kampala watakigandisha kile kipande katika nta, wakikate vyembamba, na kukipaka rangi inayoshika karte peke yake. Wakiona nyingi, kuna matumaini zaidi kwamba dawa itafaa. Wakiona chache, matumaini ni madogo.

Tulipotoka, mume wangu aliomba tukae kwanza kwenye benchi lililo nje, kwa sababu hakuwa tayari kupanda pikipiki na ule mpira. Watu walipita mbele yetu na vyombo vya chakula cha wagonjwa. Akanieleza jambo ambalo katika miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kunieleza.

"Miye pia nilipita vile," alisema. "Mu vita. Kulikuwa bariyeri moja, walikuwa banatosha batu mu magari kufuatana na karte. Yangu haikuwa ya kupita. Lakini mu kamyo kulibakia karte ya musafiri mwingine. Nilionyesha ile. Hawakuangalia sura."

"Na mwenye karte?"

"Sijui."

Sikumuuliza zaidi. Hapa kwetu kuna maswali ambayo watu wa nyumba moja hawaulizani, na ndivyo tunavyoweza kukaa nyumba moja, na mtaa mmoja, na soko moja.

Kipande kilisafiri kwa njia ya madereva, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine tuliyoiamini. Rafiki wa siku zote wa mume wangu, ambaye aliendesha lori hadi Uganda, alikuja kukichukua. Kilikuwa katika chupa ndogo ya maji makali ya kuzuia kuoza, imefungwa vizuri, imetiwa ndani ya kopo. Yule rafiki aliligeuzageuza kopo mkononi.

"Nimeshabeba koli ya kila namna," alisema. "Mbuzi, jeneza, hata bibi-arusi. Lakini shofere mwenzangu mu kopo, bado."

"Usinipoteze," mume wangu alimwambia. "Na usiniweke karibu na samaki zako za Mahagi."

"Weye utakaa mbele, mu kabini. Kama bosi."

Jibu lilirudi kabla ya mvua kubwa. Daktari alikuwa ametumiwa picha katika simu yake, na alituonyesha bila haraka. Niliona buluu. Ilikuwa buluu ya kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, yenye nukta nyingi, na daktari akasema huu ndio uvimbe, kila nukta ni chembe moja. Mahali penye karte pangekuwa kahawia. Alisogeza picha huku na huku. Palikuwa na kahawia hapa kidogo, na kule kidogo, kama vile mtu alimwaga chai akafuta.

"Karte ni chache sana," alisema.

Mume wangu alifikiri. "Kama karte haiko, dawa itaziba nini?"

"Njo hivyo, papa."

"Basi adui huyu alipitia mu pori." Aliniangalia, na kwa jicho alinirudisha kwenye lile benchi. "Kumbe hakujifunzia kwangu."

Mimi nilikuwa nikiangalia pembeni mwa picha. Kuzunguka ile buluu palikuwa na nukta nyingine, ndogo, nyeusi zaidi, zimesongamana kama watu nje ya ofisi ambayo haijafunguliwa. Niliuliza ni nini.

"Hao njo maaskari yake," daktari alisema. "Walifika. Lakini walisimama pembeni, hawakuingia."

"Juu ya nini?" niliuliza, nikitaka sababu.

"Hatujui muzuri, mama. Batu bakubwa banatafuta, hata bao hawajajua."

Kisha alisema kitu ambacho nakubali alipaswa kukisema, kwa kuwa ni kweli, lakini ningependa angekaa nacho. Alisema alama hii si hukumu. Kuna watu wasio na karte ambao dawa iliwasaidia. Kuna watu wenye karte nyingi ambao haikuwasaidia. Alama inaonyesha mvua inaelekea upande gani, alisema, haionyeshi nani atalowa.

Nyumbani nilimwambia mume wangu twende Kampala. Niko na kaka kule mpakani, nilisema, tutauza kiwanja, watoto watabaki na mama yako. Alinisikiliza hadi mwisho, maana alikuwa mtu wa kusikiliza.

"Docta alisema kuna batu," nilisema.

"Kuna batu," alikubali.

"Basi?"

"Mama watoto, bariyeri zote nilizipita juu ya kufika hapa. Sasa niko hapa."

Hatukwenda Kampala. Alikufa mwanzoni mwa msimu wa mahindi mabichi, mchana, mimi nikiwa nimemshika mguu, kwa sababu mkono ulikuwa umeshikwa na mama yake. Redio ya jirani ilikuwa ikisema kwamba amani inarudi katika jimbo. Wiki hiyohiyo hakuna gari lililokubali kumbeba hadi Aveba, kwa hiyo tulimzika hapa mjini.

"Kuna watu." Maneno hayo mawili yalikaa nami kuliko kifo chenyewe. Kama angekuwa mmoja wao? Alama haikusema hapana, ilisema labda hapana. Mtu akiambiwa hapana, analia, analala. Akiambiwa labda, anakaa macho. Nilikuwa nikimwona akirudi kutoka Kampala amenenepa kidogo, amevaa koti jipya, ananicheka kwa nguo nyeusi. Kisha nilisikia bati la choo na nikaenda kutazama, na hapakuwa na mtu.

Ni wakati wa kupanga kutosha kilio ndipo mama mkwe alipojua habari ya kipande. Alikuwa akiuliza juu ya kidonda kilichotokana na kamera, nikamweleza walichokata na kilikokwenda. Nilidhani alijua. Aliweka chini kisu alichokuwa akimenyea mihogo, na hapo ndipo alipouliza ni chake au si chake.

Nilirudi kwa daktari kuomba kipande kirudishwe. Aliniuliza kama nina hakika. Maabara zinahifadhi vipande vile kwa miaka mingi, alisema, kwa sababu kila wakati watu wanagundua alama mpya, na kipande cha zamani kinaweza kuulizwa swali jipya.

"Hata mwenyewe akiwa amekufa?"

"Mu nta hakibadiliki, mama. Kinabakia vile kilikuwa siku ile tulikikata."

Nadhani alitaka kunituliza. Badala yake nilitoka nikiirudia siku ile kichwani. Siku ile walipokikata, mume wangu alikuwa bado akimtania muuguzi kuhusu viatu vyake. Kwa hiyo kule Kampala bado ilikuwa siku ile. Sehemu moja yake ilikuwa haijapata habari.

Daktari aliwaandikia watu wa maabara. Walikubali kurudisha kipande chenyewe, kwa kuwa ni haki ya familia. Ila vile vioo walivyotandazia vipande vyake vyembamba kama utando na kuvipaka rangi vingebaki, ndiyo sheria yao. Kisha tulingoja, kwa sababu barabara ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa.

Mimi nauza unga wa muhogo. Sokoni mwanamke mwenye nguo nyeusi anaachiwa nafasi mwanzoni, watu wanamwonea huruma, wanampa mteja. Ikizidi kiasi, huruma inageuka.

"Bado uko na nyeusi?" aliniambia jirani yangu wa meza, anayeuza mawese. "Weye utaolewa na kaburi."

"Namngoja mama mkwe."

"Ao umependa. Nyeusi inakufanya mwembamba."

Wote walicheka, na mimi nilicheka nao, maana ni mwanamke mwema, na yeye mwenyewe alivuliwa nyeusi yake bila kujua mumewe alizikwa msitu gani. Sikumwambia nangoja nini. Ningeanzia wapi?

Yule rafiki wa mume wangu alikuja siku ya Jumamosi, jua likiwa bado kali. Kila dereva wa Bunia ana honi yake, namna anavyoipiga akikaribia kwao, na watoto wanaitambua kabla lori halijaonekana. Nilisikia honi ya mume wangu. Nilikuwa nimeinama juu ya beseni, na sikuinuka. Nilijua kabisa kwamba nikiinuka, haitakuwa yeye. Nilibaki vile, mikono ndani ya maji, hadi mama mkwe aliponipita akikimbia, yeye ambaye alikuwa hatembei bila fimbo.

Lori la yule rafiki, aliyeipiga honi kama mwenzake, lilisimama kwenye kona, na mbele yake lilikuwa limefungwa matawi mabichi.

Huku kwetu gari linalobeba maiti hufungwa matawi. Watu wakiliona wanasimama, wanavua kofia, na kwenye bariyeri hawaombi kitu. Kwa hiyo majirani walitoka. Wanawake walikuwa tayari wameshika vichwa. "Nani? Nani amekufa?" Rafiki alishuka, akafungua kifungo cha mfuko wa shati, akatoa bahasha ndogo, akaishika kwa mikono miwili.

"Shemeki," aliniambia, "tumefika naye."

Ndani ya nyumba alitusimulia njia nzima, hakuweza kujizuia. Kwenye bariyeri ya mwisho askari mmoja alilizunguka lori, akapanda juu ya magunia, akashuka.

"Maiti iko wapi?"

"Iko hapa mu poche." Akagusa mfuko wa shati.

"Unatucheka?"

"Sikuchekeni, chef. Angalia."

Askari aliangalia. "Hii ni buji," alisema, yaani mshumaa.

"Ni mutu. Alikuwa shofere. Bariyeri hii aliipita mbele weye uzaliwe."

"Pita! Pita, usituletee mikosi yako!"

Mama mkwe hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya mkeka, miguu imenyooka, na bahasha ilikuwa juu ya mapaja yake. Aliifungua. Kilikuwa kipande cha nta nyeupe juu ya kitako kidogo cha plastiki, na katikati ya nta palikuwa na doa, rangi ya punje ya kahawa iliyokaangwa kidogo tu. Alikinusa. Alikiweka kwenye kiganja, akakifunika kwa kingine.

Kisha akauliza swali ambalo, katika miezi yote ile ya kungoja, sikuwa nimelifikiri.

"Hii ni nyama ya mutoto wangu, ao ni ile ilimuua?"

Mimi niliona wazi kilichokuwa mbele yangu. Ningesema ni nyama yake tu, kesho tungemzika, na nyeusi ingetoka. Ningesema kweli, na angeweza kukitupa motoni, maana ni nani anayemzika muuaji katika kaburi la aliyeuawa? Hapa watu waliuana hata juu ya makaburi. Mume wangu angebaki nusu, na mimi ningebaki katika nguo hii hadi nife nayo.

Lakini alikuwa mama yake.

"Ni ile ilimuua, Mama," nilisema. "Walikata mu uvimbe."

Alikiondoa kile kiganja cha juu.

"Yote?"

"Hapana yote. Pembeni kuna maaskari yake. Niliwaona mu picha."

"Maaskari gani?"

Nilimweleza kama daktari alivyotueleza, yale ya freni na karte, na kwamba huyu hakuwa na karte bali alipita kwa njia isiyojulikana. Nilieleza vibaya, nilirudiarudia. Aliniacha nimalize.

"Bale maaskari walifika?"

"Walifika. Walisimama pembeni."

"Walisimama pembeni," alisema, na hakuwa akizungumza nami. Siku ile mzaliwa wake wa kwanza alipokamatwa barabarani, palikuwa na watu. Aliwahi kuniambia. Watu waliomjua, waliokula kwake. Walisimama pembeni. Wengine wao bado wanamsalimia sokoni, naye anawajibu.

Nje majirani walikuwa wakiulizana kwa sauti ndogo maiti iko wapi.

"Unaweza kubatenganisha?" aliuliza. "Hao na ule muuaji?"

"Haiwezekani, Mama. Bameshikana. Hata kwa kisu haiwezekani."

Aliinama akalitazama lile doa karibu sana, kama mtu anayetoa mwiba.

"Sawa siye hapa, tumeshikana," alisema.

Akakirudisha ndani ya bahasha. "Kesho asubui. Mutafute jembe."

Tulimzika kwa mara ya pili tukiwa watu watatu. Mama mkwe hakutaka wengine. Alichagua mahali mwenyewe juu ya kaburi lake, usawa wa kiuno, na alichimba mwenyewe akipiga magoti, jembe amelishika karibu na chuma kama wanawake wanavyopalilia karanga. Alitoa nta kwenye kitako cha plastiki kwa ukucha, akasema plastiki si ya kwetu. Alipoifukia, rafiki aliweka juu yake matawi aliyoyafungua kutoka kwenye lori. Yalikuwa yameanza kunyauka.

Niliona ni lazima nimwambie hata lililobaki. "Mama, kuna vioo. Vile walipaka rangi. Vitabakia Kampala."

"Vioo vya nini?"

"Ya kuangalia. Nyama yake iko juu, nyepesi sana, haionekani kwa macho."

Alijipangusa mikono. "Wanaangalia nini?"

"Wanatafuta juu ya nini walisimama pembeni."

Alifikiri, akiwa bado amepiga magoti.

"Basi waangalie," alisema. "Hata miye ningependa kujua."

Akanyoosha mkono nimwinue. Aliposimama hakuuachia mkono wangu. Kwa mkono mwingine alifungua fundo la nguo yangu nyeusi, palepale, bila karamu, bila ndugu wa Aveba, ambao barabara haikuwaruhusu kuja. Ndani nilikuwa nimevaa kitenge cha kawaida cha nyumbani, kilichotoboka karibu na pindo. Upepo wa asubuhi ulinishika mabegani, na niliona baridi.

Sasa watu hawaniulizi kitu sokoni. Jirani wa mawese alinipa chupa moja bure siku ya kwanza aliponiona na rangi, akasema kaburi limenipa talaka. Mama mkwe amerudi kutembea kwa fimbo. Mbwa akifukua, bado anasimama kutazama, lakini hasimami muda mrefu.

Mimi bado nasikiliza. Bati la choo likilia kwa upepo, mwiko unasimama wenyewe mkononi mwangu, na nangoja ule mwanzo, na ule mkatiko, na ule mwanzo tena. Kisha nafikiri juu ya kile kioo, mume wangu akiwa buluu juu yake, na mtu nisiyemjua ameinama anamuuliza. Kama alimjibu, habari haijafika Bunia. Naendelea kukoroga ugali.